Birika Lililokipa Kikombe Mgongo

Kisa cha birika nimekisimulia mara nyingi kuliko kisa cha harusi yangu. Wateja wamekisikia, mafundi wangu wamekisikia, wakwe zangu wamekisikia, na hata mchungaji aliyekuja kuiombea karakana yangu hakuondoka bila kukisikia.

Huwa kinaenda hivi. Mwaka wa pili baada ya kurudi kutoka Doha nilipata kazi ya kubadilisha bango katikati ya jiji, mtaa wa Luthuli. Palikuwa na hoteli ya chai na maandazi ya tangu zamani, ikafungwa, na wauza simu wakachukua chumba. Juu ya mlango lilikuwapo bango la neoni, yaani mirija ya kioo iliyopindwa na kujazwa gesi, ambayo ukiipa umeme huwaka rangi. Lilikuwa limezimika kwa miaka mingi na njiwa walishaligeuza choo. Nikapanda ngazi, nikalipangusa, nikaona upande wa kulia kuna kikombe kinachotoa mvuke, na upande wa kushoto kuna birika. Sasa, mtu mwenye akili zake akichora birika na kikombe, mdomo wa birika huelekea kwenye kikombe. Birika hili lilikuwa limekipa kikombe mgongo. Chai yote ilikuwa ikimwagika barabarani, juu ya vichwa vya wapita njia. Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo, nakunywa maji, halafu namalizia: "Na fundi huyo alilipwa."

Watu hucheka. Najua kusimulia, sitajifanya sijui.

Acha niseme mimi ni nani, maana nikimwachia mtu mwingine atapunguza. Mimi ni mtoto wa tatu wa mkulima wa Vihiga. Diploma yangu ya umeme niliisoma nikiishi chumba kimoja Kangemi na wenzangu watatu, tukilalia godoro kwa zamu. Doha nilikaa miaka tisa. Nilianza kwa kubeba ngazi za wengine, nikamaliza nikiwa msimamizi wa watu arobaini, tukifunga mabango ya taa za LED kwenye majumba ambayo ukiyatazama juu kofia inaanguka. Nilirudi na mashine tatu na mpango mmoja. Leo karakana yangu iko Kinoo, kando ya Waiyaki Way, na mtu akipita pale jioni akasema hakuiona, huyo apimwe macho. Nyumba yangu ya ghorofa iko Kinoo hapo hapo, kwenye ploti niliyoinunua mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo nalo hulisema mara kwa mara.

Siku ya kuingia kwenye nyumba hiyo niliwaalika watu wangu kutoka nyumbani pamoja na wakwe zangu, ambao wamekuwa Kinoo tangu Kinoo ilipokuwa mashamba ya viazi na ng'ombe. Baba mkwe ana vyumba vya kupangisha mpaka yeye mwenyewe huvisahau. Baada ya chakula wakaniomba kisa cha birika, nikasimama, nikakipiga vizuri kuliko siku nyingine zote. Nilipofika kwenye "alilipwa", baba yangu akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Hiyo birika niliipinda mimi," akasema.

Hema tulilokuwa tumelifunga uani lilitikisika kwa kicheko. Baba mkwe akampiga baba begani. "Mzee, kumbe na wewe ni mtu wa mzaha hivi?"

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimesimama na macho yote yalikuwa kwangu, nikaongeza langu. "Baba, wewe kwa Mhindi wa taa ulikuwa unafagia."

Wakacheka zaidi. Baba naye akacheka kidogo, akaweka kikombe chini. Nilichosema hakikuwa uongo. Kabla hatujazaliwa, baba alifanya kazi Eneo la Viwanda, kwa fundi mmoja Mhindi aliyetengeneza mabango ya neoni. Alifagia vipande vya kioo. Tukiwa wadogo alikuwa akituambia kwamba siku nyingine alipinda mirija kwa mikono yake, nasi tuliiweka hadithi hiyo mahali pamoja na ile ya chatu aliyemfukuza mpaka mtoni. Hakuwa na cheti. Mimi nina cheti, na najua kazi ya umeme hakabidhiwi kila mtu.

Toka siku hiyo ya hema ilipita miaka mitatu bila baba kutaja birika. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo, si mimi.

Mwezi wa Julai uliopita baba alikuja kwetu kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Upasuaji ulikwenda vizuri. Walipomfungua bandeji alimtazama mke wangu kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Mama, kumbe una vishimo kwenye mashavu. Huyu hajawahi kuniambia." Tangu hapo mke wangu akawa wa chama chake.

Wiki moja baadaye, siku ya kurudi kwa daktari, tulikuwa mezani tukinywa uji. Nje kulikuwa na ile baridi ya Julai ambayo Kinoo huifahamu kuliko mjini. Baba akafuta mdomo.

"Ile birika uliitupa wapi?"

"Sikuitupa, baba. Niliitoa bure." Na kweli niliitoa bure. Siku ile ya Luthuli, tukiwa tunafungua misumari, mama mmoja mwenye nywele nyeupe alisimama chini ya ngazi akatuomba tusivunje. Alikuwa mwalimu wa sanaa aliyestaafu, na nyuma ya nyumba yake Kitisuru alikuwa amegeuza gereji kuwa makumbusho madogo ya mabango ya neoni. Nilimpelekea na gari langu mwenyewe, na shukrani yake ninayo kwa maandishi.

"Nataka kwenda kuiona," baba akasema, "wakati nina jicho."

"Tutaenda. Lakini haiwaki."

"Ikiwashwa," akaendelea kana kwamba hakunisikia, "pale kwenye kiwiko cha mkono wa birika, mahali mkono unapokunja kurudi tumboni, mwanga unafifia. Upana wa vidole viwili. Nilipuliza kwa nguvu, kioo kikavimba."

Mke wangu akaweka kijiko chini. "Mimi nimesikia. Kiwiko, vidole viwili. Mimi ni shahidi."

"Na kama hakuna?" nikauliza.

"Basi endelea kunicheka. Nami nitacheka pamoja nawe."

"Na kama kuna?"

Baba akanitazama kwa jicho lake jipya. "Utawaambia wale watu. Wote waliokuwa kwenye hema."

Jumapili iliyokuwa inakuja tulialikwa chakula cha mchana kwa baba mkwe. Mke wangu alitabasamu, na vishimo vikaonekana.

Nilimpigia mwalimu simu. Akaniambia kikombe kinawaka kila siku, lakini birika hajawahi kuliwasha kwa sababu transfoma yake ilikufa na hapati nyingine. Kwa bahati yake alikuwa anaongea na mtu sahihi. Mimi situpi kitu. Kwenye stoo yangu nilikuwa na transfoma kuukuu ya neoni niliyoitoa kwenye duka la viatu, nzito kama jiwe la kusagia, nayo nilishaipima. Nikaipakia kwenye buti.

Daktari alimaliza na baba mapema, naye akaniomba tupitie Luthuli. Tukasimama upande wa pili wa barabara kutoka kwenye lile duka la simu. Bango langu lilikuwa pale juu, jekundu na jeupe, herufi zimenyooka, halina taa hata moja iliyokufa tangu nilifunge. Nilimwacha alitazame vizuri. Alifumba jicho moja, akalifumba lingine.

"Hii ni kazi safi," akasema. "Inasomeka."

"Asante, baba."

"Ile yetu ilikuwa haisomeki. Haikuwa na neno hata moja. Mtu asiyejua kusoma alikuwa anaona tu, anajua hapa kuna chai."

Kijana wa dukani alivuka barabara akatujia. "Mzee, simu ni huku. Ziko na tochi, ziko na herufi kubwa. Karibu ndani, buda."

"Mimi sitafuti simu," baba akamjibu. "Natafuta mahali nilipokuwa nimeweka birika."

Kijana akanitazama mimi, akanionea huruma, akarudi zake.

Kutoka mjini tulipanda kupitia Westlands, tukashika barabara ya Lower Kabete na kuingia Kitisuru. Huko miti ni mingi kuliko watu, na kila geti lina mbwa anayejua kwao ni tajiri. Ploti huko bado sijanunua. Nasema bado.

Mwalimu alitufungulia mwenyewe, amejifunga shali, viatu vya mpira miguuni.

"Fundi, futa miguu," akaniambia hata kabla ya salamu. Alikuwa ametandika gunia mlangoni, kwa sababu vumbi likizoea kioo haliondoki. Baba akafuta miguu yake mara mbili bila kuambiwa, kisha akavua kofia. Mwalimu akaliona hilo. "Karibu, mzee. Wageni wangu wengi huvua kofia wakitoka, si wakiingia."

Ndani palikuwa na giza la kutosha na baridi kama ya kisima. Kuta zote tatu zilikuwa zimejaa. Kulikuwa na kiatu chekundu cha kike chenye kisigino kirefu, mkasi wa fundi cherehani uliotengenezwa ufunguke na kujifunga, kitana cha kinyozi, samaki anayetoa mapovu matatu, na mshale mmoja mrefu wa manjano ambao hakuna aliyekumbuka ulikuwa unaonyesha nini. Mwalimu aliviwasha kimoja kimoja. Kila kimoja kilitoa mlio mdogo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Nikiri hapa kwamba nimefunga maelfu ya taa maishani mwangu na hakuna hata moja iliyonifanya nisogee karibu hivyo. LED hutupa mwanga mbele yake. Mwanga wa neoni hukaa ndani ya kioo, nawe ndiye unayeufuata.

Karibu na mlango kulikuwa na kitabu cha wageni chenye safu ya jina, mahali na kazi. Nikaandika jina langu kamili, nikaandika Kinoo, na kwenye kazi nikaandika mhandisi, mwenye diploma, mkurugenzi, mpaka nikaingia kwenye mstari wa mtu wa chini. Baba akaandika jina na Vihiga, polepole, kwa herufi za shule ya zamani. Safu ya kazi akaiacha tupu.

Birika lilikuwa ukuta wa nyuma. Kikombe kilikuwa kinawaka chekundu, mvuke wake ukipanda kama nyuzi tatu. Kando yake birika lilikuwa kioo kitupu, cheupe, kimekipa kikombe mgongo kama siku ile. Chini yake mwalimu alikuwa amebandika kadi aliyoiandika kwa mkono. Niliisoma kwa sauti ili baba asihangaike: "Mchoraji aliuelekeza mdomo wa birika barabarani kwa makusudi, kuonyesha ukarimu wa hoteli kwa wapita njia."

Baba akakohoa. "Nani alisema makusudi?"

"Ni mimi," mwalimu akasema. "Nilikisia. Nimefundisha watoto kuchora miaka thelathini, mzee. Kitu kikikaa vibaya sana, mara nyingi mtu alikusudia."

"Na mara nyingine?"

"Mara nyingine ni mtoto aliyekuwa na haraka."

Baba akacheka kweli, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje.

Nilishughulika na transfoma. Sitaki kujisifu bure, lakini niliifunga kwa dakika ishirini, waya zote zikakaa, nikawaamuru wote wawili warudi nyuma, kwa maana umeme wa neoni si wa kuchezea. Nikabonyeza swichi.

Kioo kiliwaka kidogo, rangi hafifu kama ya maji yaliyooshewa zabibu. Mwanga ulikuwa unajinyonganyonga ndani ya mrija kama funza, ukifika kwenye tumbo la birika unakatika. Tulingoja. Hakuna kilichobadilika.

"Imekufa," nikasema. "Gesi imetoroka. Kioo kikikaa miaka mingi kinapata ufa usioonekana." Nilisema kwa sauti ya kazi, ile ninayowapa wateja habari mbaya. Nikamgeukia baba. "Pole, baba. Hatutajua tena."

Nitasema jambo ambalo si la kujivunia. Sehemu moja yangu, ndogo, ilishusha pumzi.

Baba hakuhuzunika hata kidogo. "Huu si Julai?"

"Ndiyo, ni Julai."

"Ya bluu ni mvivu wa baridi. Nyekundu inaamka hapo hapo. Ya bluu ina zebaki ndani, imelala chini huko kama umande. Mwache apate joto. Usizime." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, ukifunga huo mlango, na kama chai iko, hatutakosa kitu."

"Chai iko," mwalimu akasema, akanitazama juu ya miwani yake. "Diploma haina somo la baridi?"

"Tulisoma mambo ya joto," nikajibu. Ndilo jibu bora nililokuwa nalo.

Alileta chupa ya chai ya maziwa na vikombe vitatu vya bati. Tukakaa kwenye benchi lililotazama birika, na hapo baba akaeleza yote, si kwangu, kwa mwalimu, nami nikawa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Kufagia nilifagia, hapo mtoto wangu amesema kweli. Lakini jioni, yule Mhindi akienda kunawa, alikuwa ananiachia moto na vipande vya kioo vilivyobaki. Unatia ncha ya mpira mwembamba mdomoni, ncha nyingine iko kwenye mrija. Kioo kikilainika unapuliza kidogo kidogo. Usipopuliza kinakunjamana kama soksi. Ukipuliza sana kinavimba kama shavu la mwizi wa sukari. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Nilichoma vidole mpaka nikasahau ladha ya ugali usio na dawa ya kuungua.

"Ikafika Diwali. Mhindi akaenda kwake kusherehekea. Kikombe alikuwa amemaliza, birika bado, na hoteli ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Nikasema, leo nitamfurahisha. Mezani kulikuwa na mchoro wa kupindia. Ukutani kulikuwa na ule wa mteja, wa rangi. Ukutani mdomo wa birika unaangalia kulia. Mezani unaangalia kushoto. Nikasema, mzee wa watu, macho yamechoka, amekosea kuchora. Nikaigeuza ile karatasi. Nikapinda."

Mwalimu alianza kucheka akiwa ameshika kikombe, chai ikamwagika kwenye shali. Mimi sikucheka. Sikuelewa kilichochekesha, na baba aliona sikuelewa.

"Diploma," akasema. Hilo ndilo jina analoniita tangu nipate cheti, na hulisema kwa heshima, nadhani. "Wewe kazi yako unaichora ikiangalia wapi?"

"Mbele. Kompyuta inachora, mashine inakata, unafunga."

"Kioo si hivyo. Kioo kinapindwa kikiwa kimelala kifudifudi. Kina miguu, zile ncha za kuingizia waya. Miguu itaingia ukutani, kwa hivyo ukiwa mezani lazima iangalie juu, kwako. Unachokiona mezani ni mgongo wake. Mchoro wa mezani lazima uwe kinyume, ndiyo ukikiinua uso uje sawa. Mhindi hakuwa amekosea. Nilimsahihisha mtu aliyekuwa sahihi."

"Si mngeligeuza tu?" nikauliza.

"Ligeuze, basi."

Nikainuka, nikachungulia nyuma ya birika. Miguu miwili ya kioo ilikuwa imetoka kwa nyuma na kuingia kwenye bati. Ukiligeuza, miguu inatoka usoni, na waya zake hadharani. Miguu hiyo niliifungua mimi mwenyewe pale Luthuli, kwa mikono hii. Niliiona. Sikujiuliza hata swali moja. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusimulia.

"Mhindi alifanya nini?" mwalimu akauliza.

"Alikuja asubuhi, akatazama, akakaa juu ya ndoo. Akaja mwenye hoteli, naye akatazama. Nikajua leo narudi Vihiga. Mwenye hoteli akasema, 'Hiki kikombe si kinatoa mvuke? Basi tayari kina chai. Acha birika iwamiminie wale wa barabarani.' Ikafungwa hivyo hivyo. Jioni Mhindi akaniita. Akaniambia, 'Kuanzia leo wewe si mfagiaji. Mfagiaji hana uwezo wa kuharibu kitu kikubwa namna hii.' Akaniketisha kwenye moto. Nilikaa pale miezi sita, halafu baba yangu akafa na shamba likaniita."

Alikuwa bado hajamaliza kunywa chai yake wakati mwalimu aliposema polepole, "Mzee, angalia."

Bluu ilikuwa inapanda. Ilianzia kwenye mguu mmoja, ikatambaa chini ya tumbo la birika, ikazunguka, ile rangi hafifu ikiondoka mbele yake kama ukungu wa Limuru jua linapotoka. Ilifika kwenye kifuniko. Ilifika kwenye mdomo. Mwisho ikaingia kwenye mkono, ikashuka, na pale kwenye kiwiko, mahali mkono unapokunja kurudi tumboni, ikafifia. Halafu ikaendelea upande wa pili, kali kama mwanzo.

Nilisogea. Kioo kilikuwa kimevimba pale, kidogo tu, kama koo la mtu anayemeza kiazi. Mwanga ulikuwa umetanuka ndani yake ukapungua nguvu. Sababu yake naijua kisayansi na ningeweza kuieleza, lakini hakuna aliyeniuliza. Nikaweka vidole karibu na kioo bila kugusa.

"Vidole viwili?" baba akauliza kutoka kwenye benchi.

"Viwili na nusu."

"Vyangu vilikuwa vinene kuliko vyako. Nilikuwa nafanya kazi."

Nilipogeuka, hakuwa anatazama birika. Alikuwa ananitazama mimi, na aliponiona nimegeuka ndipo akalitazama. Alifunika jicho jipya kwa kiganja, akatazama kwa lile la zamani. Akabadilisha. Akabadilisha tena.

"Kwa hili ni moshi tu," akasema. "Kwa hili ni bluu. Sikukumbuka ilikuwa bluu hivi."

Mwalimu akaibandua ile kadi, akatoa penseli kwenye shali.

"Niandike nini, mzee? Niondoe makusudi?"

Baba akafikiri. "Ukarimu acha. Huo ulikuwa wa mwenye hoteli, alikuwa nao. Makusudi toa. Andika kwamba ni kosa la mfagiaji."

"Na jina?"

Akamtajia majina yake yote matatu, taratibu, la tatu akalirudia. Tulipokuwa tunatoka alisimama kwenye kitabu cha wageni, akauliza kama anaruhusiwa kuongeza. Kwenye safu aliyoiacha tupu akaandika: mpinda kioo. Mstari wake ulikuwa mfupi kuliko wangu na ulikaa ndani ya boksi lake.

Tulipofika Kinoo mke wangu alikuwa getini, amesimama kwenye baridi ile yote, mikono kwenye kwapa. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza baba, "Kiwiko?"

"Kiwiko," baba akasema.

"Karibu nyumbani, baba," akasema, kisha akanigeukia. "Na wewe, Jumapili utavaa ile suti au utaogopa jasho?"

Nilivaa suti. Mimi ni mtu wa neno langu, na pia ile suti ni nzuri.

Kwa baba mkwe tulikula mpaka mikanda ikalegezwa. Wengi waliokuwa kwenye hema walikuwapo: mashemeji, mashangazi, ndugu yangu wa Kawangware na familia yake. Chai ilipoletwa nilijua kinachokuja. Baba mkwe aligonga meza kwa kijiko.

"Sasa, mkwe wetu. Tupe ya birika. Hawa watoto wa shangazi hawajaisikia."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kuomba msamaha kiasi, yenye heshima, na ndani yake nilikuwa nimeweka mahali pa kutaja kwamba transfoma ilikuwa yangu. Nikawatazama wote, nikamtazama baba aliyekuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili na kutazama ndani yake, kama siku ile ya hema.

"Miaka mitatu iliyopita," nikasema, "baba yangu aliwaambia ile birika aliipinda yeye. Mimi nikawaambia alikuwa anafagia. Mkacheka kwa sababu nilicheka. Alhamisi nimekwenda kuiona ikiwaka. Aliipinda yeye. Nilikosea, na nilikosea mbele yenu, ndiyo maana nalisema hilo mbele yenu. Kisa ni chake. Mimi nilikuwa nakisimulia kutoka upande wa nyuma."

Nikaketi. Transfoma niliisahau kabisa.

Watu wakatazamana, wakingoja kujua kama ni mzaha. Baba mkwe akavuta kiti chake karibu na cha baba.

"Mzee," akasema kwa sauti nyingine, "pale begani nilikupiga. Nisamehe. Hebu tuambie, ulikipaje kikombe mgongo?"

Baba akaweka kikombe chini, akafuta mdomo, akaanza na moto na mpira. Hakuharakisha. Alipofika kwenye soksi wanawake walikuwa wameshaanza kushikana kwa kicheko. Alipofika kwa Mhindi aliyekaa juu ya ndoo, shemeji yangu mmoja alilazimika kutoka nje apate hewa. Na alipomaliza na "mfagiaji hana uwezo wa kuharibu kitu kikubwa namna hii", baba mkwe alilia machozi, akampiga tena begani kwa kusahau.

Kisa changu hakijawahi kupata kicheko cha namna hiyo, na nimekisimulia mara ngapi. Nimekubali. Baba amerudi Vihiga, jicho la pili litafanywa Desemba, na wateja wakiniuliza ya birika nawaambia wangoje mwenyewe aje. Nawaambia pia kwamba katika ukoo wetu mimi ni mtu wa pili kuingia kwenye kazi ya mabango ya taa, kwa hivyo hata ile sentensi ya kushikwa mkono nimeipunguza makali. Lakini mwenye diploma wa kwanza bado ni mimi.